Jina la Kyela Ndani ya Mchele

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, hata kwa magonjwa yaliyonifundisha kukaa kimya. Kwa elimu ya mpwa wangu bado natafuta namna ya kushukuru.

Alirudi kutoka masomoni ng'ambo wakati ushirika wa wakulima umekwisha kufa na kila mwenye lori anajinunulia tu. Walanguzi walichanganya mchele wetu na wa kwingine, wakauita wa Kyela. Mpwa akasema dawa anayo. Ndani ya kila kilicho hai kuna DNA, maandishi ya herufi nne tu. Yeye ameandika jina la Kyela kwa fumbo la herufi hizo, akalificha ndani ya maji, katikati ya DNA nyingine nyingi. Ukinyunyizia mchele, jina linabaki humo; asiyejua fumbo hawezi kulisoma wala kuliiga.

"Hapa sokoni kwetu Ipinda atalisoma nani?" nikamuuliza.

"Mashine, mjomba."

"Iko wapi?"

"Ulaya."

Alisema hivyo bila kucheka. Mimi nilifundishwa kanisani kwamba Mungu ndiye aliyeandika viumbe vyote. Sikujua kwamba alikuwa anatafuta karani.

Shemeji yangu wa Busale, mjane wa mdogo wangu, alimwamini. Nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza, na mpunga wa mwaka ule ndio ungemnunulia bati. Aliahidiwa bei nzuri kuliko wote, akaukoboa, akaruhusu mchele wake wote unyunyiziwe.

Siku ya soko Ipinda, mpwa alihubiri akiwa amesimama juu ya gunia. Hata wahubiri wa uongo huangalia nyuso za watu; yeye hakuangalia. Mwenye duka mmoja, Mwislamu mwenye asili ya pwani, alikuwa tayari kuchukua mzigo wote. Akauliza kwa adabu, "Hizo DNA nyingine ulizofichia jina, za kitu gani? Samaki?"

"Za mtu," akajibu kwa fahari. "Zangu mwenyewe. Nimezitoa mdomoni."

"Yaani umetutemea mate?"

"Si mate, mzee, zimesafishwa—"

"Mwanangu, mimi nauza mchele. Watu siuzi."

Mpwa akaomba sufuria, akapika, akala mbele yao kuonyesha kwamba hakuna madhara.

"Mwacheni!" mama mmoja akapiga kelele. "Anajila mwenyewe!"

Soko zima likaangua kicheko. Shemeji peke yake hakucheka. Alinishika mkono. "Shemeji, bati zangu?"

Nikamwamuru mpwa avue koti, akakate nyasi, amwezekee mwenyewe. Alikata nyasi mbichi, akazipanga kama anayefunika maiti kwa haraka. Mvua ya kwanza ilipita kana kwamba hakuna paa.

Shemeji akahamia kwetu na magunia yake. Tulikula mchele ule hadi mavuno mengine, nami niliuombea baraka kila mlo kwa sauti kubwa, kwa sababu mpwa naye alikuwa mezani, akieleza kwamba watu wa Ipinda hawakuelewa.

"Ndaga," shemeji humjibu, maana yake asante, kisha humsogezea sahani ya ukoko.