Kingamwili na Nyama ya Mbuzi

Tangu hospitali za binafsi ziruhusiwe, maabara yetu hapa Makole ilikuwa ikisubiri kingamwili kutoka Ulaya, ile ya kupimia, inayonasa kimeng'enya kinachozidi kwenye damu mtu akiwa na saratani ya tezi dume. Ilifika Ijumaa, mkuu wangu Mama Neema akiwa safarini. Niliipokea kwa mikono miwili.

Kitu cha heshima hupewa mahali pa heshima. Nikafungua friza, nikatoa nyama ya mbuzi ya Mama Neema, nikaishusha kwenye friji, na kingamwili nikailaza kwenye barafu.

Jumatatu wazee kutoka Kibakwe walijaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa. Niliwahakikishia kwamba kila kitu ni cha kisasa. Mama Neema akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kingamwili iko wapi?"

"Kwenye friza, mama. Imeganda kama jiwe."

Akaketi polepole. "Ikiganda imekufa. Maelekezo yaliyokuja nayo yanataka ubaridi wa friji tu. Na nyama yangu?"

"Iko kwenye friji."

Akanyoosha kidole mlangoni. "Nenda ukawaambie wazee kwamba kilichohifadhiwa kwa kufuata maelekezo ya Ulaya ni mbuzi."