Mshipa wa Mama Kudura

Kiswahili chetu kina maneno ya kumwaga, lakini kwa mishipa kimekuwa bahili. Damu inapita kwenye mshipa. Maumivu nayo yanapita kwenye mshipa. Mwanaume akivimba kinena, wanasema ana mshipa. Neno hilo moja liliniponza mimi, na aliyeumia ni Mwamvita binti Hamduni, mpika chapati wa Manyamanyama, Bunda.

Mwamvita alizaliwa Musoma mjini, nyumbani kwa fundi cherehani. Mwaka wa Uhuru aliolewa akaletwa Bunda, na tangu hapo sijui nani aliwahi kumwona amekaa. Akikanda unga, miguu inachezacheza. Akikupa chapati, macho yake yako kwa mteja aliye nyuma yako. Mumewe alipofariki alibaki na binti mmoja, Kudura, na jiko la mkaa mbele ya nyumba. Wakulima walioleta pamba mjini walikula kwake wamesimama, kwa sababu hata benchi aliliona ni uvivu.

Mwaka 1975 alikuja zahanati. Mimi, Florian, nilikuwa mganga msaidizi, miaka miwili kazini, koti jeupe na kiburi kingi.

"Daktari, nina mshipa," alisema.

Nikacheka. "Mama Kudura, huo si ugonjwa wa wanaume?"

"Si huo. Wa hapa." Akashika kiwiko cha kulia. "Umevimba. Unawakaga mpaka kidole hiki cha mwisho, halafu kinakuwa kama si changu."

Foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika "mshipa, mkono", nikampa aspirini, nikaita anayefuata. Sikukigusa hata hicho kiwiko. Jambo hilo linanikera mpaka leo, na sitafuti wa kunipoza.

Karibu mwaka ukapita, na mji ukaanza kumsifu. Mwamvita alikuwa ameacha mwiko. Aligeuza chapati kwa vidole vitupu juu ya kikaango cha moto, bila kukunja uso. Malengelenge aliyafunga kitambaa akaendelea. Watu wakamwita Mkono wa Chuma. Mimi mwenyewe nilipeleka wageni wakamwone.

"Moto umenizoea," alikuwa akisema, na alijivuna kweli.

Ndipo nikaitwa semina Musoma. Mwalimu wetu, Dakta Bernado, aliweka mezani kichwa na uti wa mgongo wa mbuzi kutoka machinjioni. Akatuonyesha ubongo, kisha akapasua mifupa ya mgongo, na ndani yake mlikuwa na kamba nyeupe, laini. Pembeni mwa kamba zilitoka nyuzi, kama uzi wa pamba uliosokotwa vizuri.

"Msichanganye hizi na mishipa ya damu," alisema. "Hizi ni za fahamu. Hazipitishi damu, zinapitisha habari. Fikirieni chama. Ngozi ni balozi wa nyumba kumi. Akiona moto, anapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, ndiyo wilaya, na wilaya inapeleka kwenye ubongo, makao makuu. Amri nazo zinashuka kwa nyuzi zake, misuli inatii. Ila wilaya hii ina akili: mkono ukiungua, haisubiri barua kutoka juu. Inauamuru utoke, makao makuu yanaarifiwa baadaye."

Tulicheka, lakini kwanza tuliangalia mlangoni.

Kisha akatuambia tupapase kiwiko, upande wa ndani, nyuma ya mfupa. "Uzi huo unaenda kwenye kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake. Ukoma unaupenda sana. Unauvimbisha, balozi ananyamaza. Mkimwona mtu anashika moto bila kuumia, msimsifu."

Kalamu ilinidondoka. Nilitoka bila kuomba ruhusa, nikadandia lori lililokuwa linarudi Bunda tupu. Njia nzima nilisimama, nikibonyeza kiwiko changu mpaka vidole vikafa ganzi. Njia panda ya Butiama imepita sijaiona.

Nilimkuta jikoni. Nikamwomba akae.

"Kukaa ni kwa wagonjwa," alisema.

"Kaa, mama. Nakuomba."

Sauti yangu ilimtisha, akakaa. Nikaokota unyoya wa kuku, nikamwambia afumbe macho, aseme kila nikimgusa. Mkono wa kushoto alijibu haraka: hapo, hapo, hapo. Nikahamia wa kulia. Nikagusa kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada, kisha gumba. Kimya.

"Daktari," akauliza, macho bado yamefumba, "unaanza lini?"

Nililia pale pale mbele ya wateja, sikuona aibu. Nikamweleza ugonjwa, nikamwambia dawa ipo. Hakuuliza watu watasema nini. Aliangalia mkono wake.

"Ukifa huu, Kudura atakula nini?"

"Gumba na wenzake wana nyuzi nyingine, hizo zimenyamaza juzijuzi, tunaweza kuwahi. Hivi viwili vya mwisho, sijui."

"Nilikwambia mshipa."

"Uliniambia."

"Ukacheka."

Alianza vidonge. Wateja wengine walikimbia, wakarudi mmoja mmoja waliponiona mimi nakula kwake kila asubuhi. Kila juma nilimpima kwa unyoya, naye kila juma alinuna kwa sababu ya kukaa. Mwiko aliukataa kwa hasira. Nikamwapia kwamba bila mwiko sitakula, akaushika, ila nikimpa kisogo anarudia vidole. Miezi ikaenda. Mimi usingizi ulinipaa, nikawa nawapapasa viwiko hata waliokuja na kikohozi.

Asubuhi moja nikasikia ukelele kutoka kwake. Nikakimbia. Nilimkuta amesimama, gumba mdomoni, chapati iko mavumbini, machozi yanamtiririka.

"Imeniuma!" akapiga kelele. "Daktari, imeniunguza kweli kweli!"

Wateja walidhani amerukwa na akili, maana alikuwa anacheka. Nami nikacheka, nikapiga makofi kama mjinga.

Kisha akanyoosha mkono mbele yangu. Gumba, cha shahada na cha kati vilinyooka. Viwili vya mwisho vilibaki vimejikunja. Aliviamuru, uso ukakazana kwa juhudi, havikutii.

"Hivi vitatu vyangu," alisema taratibu. "Hivi viwili vyako."

Akaokota mwiko, akageuza chapati iliyokuwa inaanza kuungua.