Jina Nililolifuta Mara Arobaini na Moja

Kwa wiki sita, kila asubuhi saa mbili kasoro dakika tano, kuna mtu alikuwa anaingia kwenye makala yangu na kuandika jina la mwanamke nisiyemjua.

Na kila asubuhi, kabla sijavua koti, mimi nilikuwa nalifuta.

Kuna Jumapili moja tu aliruka. Siku hiyo ndiyo nilikosa raha kuliko zote.

Naitwa Tuulia. Nakaa Joensuu, mashariki ya Finland, nipo mapokezi kwenye kliniki ya meno. Hiyo ndiyo kazi ya mshahara. Kazi ya moyo ni nyingine: naandika makala kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayosomwa bure na yeyote anaweza kuihariri.

Wenzangu wanaandika wachezaji mpira na vita vya zamani. Mimi naandika miradi ya elimu huria. Vitabu vya shule vya bure, kozi za bure, walimu waliokaa chini wakaandika kitu halafu wakakiachia dunia nzima.

Satu, muuguzi wa meno ninayekunywa naye kahawa, ananicheka kila siku.

"Shoga, hivyo vitu kuna mtu anavisoma kweli?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Mwezi uliopita kumi na tisa."

Akacheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni.

Anicheke tu. Mimi najua kwa nini naandika. Nikiwa sekondari ya juu, vitabu ulikuwa unanunua mwenyewe. Mama alikuwa anafagia ofisi za watu, na kitabu cha hesabu kilikuwa bei ya viatu vya baridi. Nikachagua viatu. Mwalimu akaniona nakaa bila kitabu, akaniprintia kimoja cha bure, kurasa mia mbili zimebanwa na pini. Kiliitwa Yhteinen Vihko, yaani Daftari la Wote.

Kile kitabu ndicho kilinivusha mtihani. Hesabu, somo nililokuwa nalilia chooni.

Kwa hiyo makala ya Daftari la Wote niliiandika kwa upendo. Miezi mitatu. Kila sentensi ina chanzo chake: gazeti, ripoti, kitabu. Ilisema mradi ulianzishwa na mwalimu Kauko Ruokolainen wa Lieksa, mji mdogo kaskazini mwa Joensuu, kwamba kitabu alikiandika mwaka 2009, na miaka miwili baadaye akapewa tuzo.

Halafu akaja huyu mtu.

Hakuwa na akaunti, alionekana kama mstari wa namba tu. Aliongeza sentensi moja: "Sura ya nne mpaka ya saba ziliandikwa na Irma Puhakka."

Chanzo hakuna.

Nikafuta. Kesho yake ikarudi. Nikafuta. Ikarudi.

Nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: "Tafadhali weka chanzo."

Akajibu: "Chanzo ni mimi. Nilikuwepo."

Nikamwambia: "Kuwepo si chanzo. Tunahitaji kitu kilichochapishwa."

Hakubishana. Kesho yake, saa mbili kasoro dakika tano, jina hilo hapo.

Jamani, yule mtu alininyima utulivu. Nikawa nafungua simu kwenye foleni ya duka, nafungua simu sauna, mvuke unanichoma na mimi natelezesha kidole. Mgonjwa anasimama mbele yangu ameshika shavu, namwambia subiri kidogo. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi.

"Wewe umepata mchumba," Satu akasema. "Mnaamkiana kila siku."

"Ananiharibia makala."

"Au makala ilikuwa imeharibika kabla hajaja."

Nilimkasirikia sana kwa neno lile.

Siku ya arobaini na mbili niliomba ukurasa ufungwe, wasio na akaunti wasiweze kuhariri. Nilishafuta lile jina mara arobaini na moja, nimechoka. Ombi likakubaliwa ndani ya saa moja.

Asubuhi iliyofuata, kimya. Na iliyofuata, kimya.

Ungedhani nitafurahi. Wapi. Mtu anayedanganya hachoki wiki moja? Nani anaamka kila siku kwa ajili ya sentensi moja inayosomwa na watu kumi na tisa?

Siku ya tatu nilitoka kazini moja kwa moja mpaka kwa mama, nikapanda darini, nikatafuta zile karatasi zangu za zamani. Nikazipata, kutu ya pini imechora alama.

Nikasoma nimechuchumaa palepale.

Sura ya kwanza mpaka ya tatu, mifano ni mishahara, treni, riba za benki. Nilikuwa nimeandika pembeni kwa penseli: sielewi, sielewi.

Sura ya nne, mifano inabadilika. Mwanamke anagawa unga wa mikate ya Karelia, ile ya kwetu mashariki, kwa wageni wasiojulikana idadi. Lori la maziwa linapita mashamba matano. Soksi inafumwa na kila mzunguko unapunguza vitanzi viwili. Sentensi fupi, maneno ya mtu anayejua unakwama wapi. Pembeni penseli yangu iliandika: aha.

Mwandishi wa sura ile hakuwa yule wa sura ya tatu. Mtoto angeona. Mimi nilikuwa na makala yenye vyanzo ishirini na sita, na sikuwa nimeona.

Aliyenifundisha hesabu nilikuwa nimemfuta mara arobaini na moja.

Nikamwandikia barua pepe mzee Kauko Ruokolainen mwenyewe: "Je, unamfahamu Irma Puhakka?"

Jibu likaja siku hiyohiyo, mstari mmoja. "Njoo Lieksa Jumamosi. Haya siyaandiki."

Treni ya Lieksa ni safari ya saa moja na kitu, lakini mimi sikukaa. Nilisimama mlangoni njia nzima kama mtu wa kushuka kituo kinachofuata.

Mzee alinifungulia mwenyewe. Mrefu, sweta limetoboka kiwiko. Nikavua viatu, akanimiminia kahawa, akakata mkate mtamu wenye iliki. Nikanywa mpaka kikombe kikafika nusu.

Kisha akageuza kompyuta yake, nikaona makala yangu. Juu kuna alama ndogo ya kufuli.

"Mmenifungia," akasema.

Nilimwangalia. Nikaangalia kufuli. Nikamwangalia tena.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mzee, wewe ndiye mwenye tuzo. Jina lako lipo kila mahali."

"Ndiyo tatizo lenyewe, binti."

Akanieleza, anaangalia meza. Irma alikuwa mwalimu mwenzake, darasa la jirani. Waliandika pamoja kipindi chote cha baridi. Mwishoni wakagombana, hata si kwa jambo la maana, ni zoezi moja tu la kitabu. Irma akachukua begi lake akaondoka. Kauko kwa hasira akatoa jina lake kwenye jalada. Alipanga kulirudisha hasira zikiisha.

"Halafu tuzo ikaja. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Nikajaza moja."

"Na yeye?"

"Hajawahi kusema neno. Tunakutana dukani kila Ijumaa. Ananiuliza hali ya mgongo wangu." Akafuta makombo mezani. "Angenitukana ningelala vizuri."

Nikamuuliza kwa nini hakufungua akaunti.

"Ningeandika jina gani? Langu naona aibu nalo."

Nikawa siwezi kukaa. Nikasimama, nikazunguka meza yake ya jikoni kama niko kwangu.

"Mzee, nakuamini. Lakini siwezi kuliweka. Nenda gazetini ukaseme, siku hiyohiyo naliweka."

"Gazeti la hapa? Mji mzima utasoma."

"Ndiyo kazi ya gazeti."

"Umri huu, binti? Nikaaibike umri huu?"

"Umri gani ulikuwa unausubiri?"

Nilijuta papo hapo. Sisi huku hatuongei hivyo na wazee. Lakini hakukasirika. Alinifungia kipande cha mkate kwenye karatasi, akanisindikiza mpaka getini bila kofia.

Wiki mbili zikapita. Satu alinikataza kushika simu mbele ya wagonjwa, nikawa naishika chini ya kaunta.

Alhamisi ya tatu gazeti dogo la kule likatoa barua ya msomaji. Kichwa chake: "Tuzo yangu haikuwa yangu peke yangu." Imesainiwa Kauko Ruokolainen. Hakujitetea popote. Alisema sura ya nne mpaka ya saba ni za Irma Puhakka, na jina lake alilitoa yeye.

Nikaandika sentensi ile kwa mikono yangu. Nikaweka chanzo. Nikaomba kufuli liondolewe.

Hapo nilidhani yameisha.

Jumatatu, nafungua makala, kuna mtu ameigusa. Sentensi yangu imebadilishwa: sura ya nne mpaka ya sita. Saba imeondolewa. Akaunti mpya kabisa, na jina la akaunti ni Irma Puhakka.

Chanzo hakuna.

Nikampigia mzee. "Sura ya saba nani aliandika?"

Nikasikia anaweka kikombe mezani.

"Mimi."

"Sasa mbona gazetini umesema yeye?"

"Nilitaka kumwongezea. Niliona sura tatu ni chache kwa miaka yote ile."

"Kwa hiyo umedanganya tena."

"Safari hii kwa faida yake."

"Yeye haitaki."

Nikakata simu, nikakaa na kidole juu ya kitufe. Najua mama wa watu anasema kweli. Najua pia gazeti linasema saba. Nikafanya jambo lililoniuma kuliko yote: nikalifuta rekebisho lake, nikamwandikia, "Mama Irma, nakuamini, lakini naomba chanzo. Samahani sana."

Akajibu baada ya dakika tano: "Subiri Alhamisi."

Alhamisi gazeti likatoa barua nyingine, mistari mitatu. "Bwana Ruokolainen amenipa sura moja zaidi ya zangu. Ya saba ni yake. Zoezi lake la kumi na nne lina kosa, nilimwambia tangu siku ile, na ndilo lililotugombanisha. Irma Puhakka."

Nilicheka nikalia, hapohapo kaunta, mgonjwa akaniuliza kama na mimi nimeng'olewa.

Mzee amesharekebisha zoezi. Juzi aliniambia Irma alikwenda kwake kahawa, wakabishana kuhusu sura ya pili saa mbili nzima, na Jumamosi anakwenda tena.

Mimi bado nafuta visivyo na chanzo, sitaacha. Ila siku hizi kabla ya kufuta nauliza mara mbili.

Na wewe unayesoma hapa, kama kuna sifa unayoila ya mtu mwingine, na ushahidi pekee uko kifuani mwako, usimwachie mtu wa mapokezi Joensuu akuhangaikie. Sema mapema, mwenye haki yake akiwa bado yupo wa kukusahihisha.