Fundi Kalamu aipa wodi ya wazazi mikono ya kuongea

Saa mbili asubuhi, katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, Fundi Kalamu amekunja uso mbele ya kompyuta. Upande wa pili wa ukuta mama mmoja analia kwa uchungu, mashine za kufulia zinanguruma, na mtu anabisha mlango kana kwamba anadai kodi. Mwenyewe hana habari. Ni kiziwi tangu utotoni.

Anayebisha ni dada yake mkubwa, mkalimani wa lugha ya ishara. Mkono ukimchoka, anawasha na kuzima taa kwa swichi iliyo nje. Ndipo mdogo wake anageuka, anacheka, anamsogezea kiti.

Jina la Kalamu alipewa na viziwi wenzake, kwa kidole kinachogusa nyuma ya sikio, maana kalamu haimtoki hapo. "Sikio langu lina kazi moja tu, kubeba kalamu," anasema kwa mikono, na dada anatafsiri kwa sauti. Mikono inaongeza jambo. Dada anabana midomo.

"Hilo ananitania mimi. Sitafsiri ng'o!"

Kwa miaka minane Fundi Kalamu ametunza kompyuta za hospitali hii. Leo anajaribu kazi aliyoipigania kuliko zote: skrini ya ukutani katika chumba cha kujifungulia, itakayomwonyesha mkalimani moja kwa moja kupitia mtandao, ili mama kiziwi aongee na wauguzi wakati wowote.

Huduma kama hiyo inauzwa, ila malipo yake ya mwezi yanazidi mshahara wake, na hospitali ilisema wazi haina fungu hilo. Basi akachukua programu ya bure, inayotolewa ikiwa msimbo mtupu, maandishi ambayo kompyuta haiwezi kuyaendesha bado, na kuanza kuikompaili mwenyewe, yaani kuyageuza yaweze kuendeshwa, kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa imetupwa.

Hakuifanya kwa kujifurahisha. Mkewe, kiziwi pia, ni mjamzito na siku zake zimekaribia. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari ameonya kwamba safari hii kuzalia nyumbani ni hatari. Lakini mama huyo alikuwa ameapa hakanyagi tena wodi hii.

"Bora nizalie chumbani kwangu," alimwambia mumewe. "Huko kwenu nilikuwa kama mzigo."

Ana sababu. Miaka sita iliyopita, mumewe akiwa kikazi mji mwingine, wifi yake, yule dada mkalimani, alikuja hospitali mapema ili amsubiri amtafsirie. Mapokezi wakamuuliza nani anamhitaji. Wakatazama, hawakuona mgonjwa kiziwi, wakamrudisha nyumbani. Muda si mrefu mama akafikishwa na gari la jirani.

Mtoto alizaliwa akipumua kwa shida, akakimbizwa chumba cha joto. Wauguzi walikuwa mbiombio, midomo imefunikwa barakoa, na hakuna aliyesimama kumwandikia hata neno moja. Mama aliuliza kwa mikono mtoto yuko wapi, akauliza tena, wao wakamfunika shuka wakidhani anahisi baridi. Hadi wifi yake alipopata habari na kurudi jioni, mama aliamini mwanawe amekufa.

Ndiyo maana wiki iliyopita kompyuta ilipogoma, fundi alikosa hata hamu ya kula. Vipande vyote vya programu vilikuwa vimekompailiwa salama. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kiunganishi, programu inayovishona vipande viwe kitu kimoja. Kikakataa. Kila mara lalamiko ni lilelile: kuna jina linaitwa, mwenyewe haonekani.

Aliyekuwa akiitwa ni sehemu inayofunga mazungumzo kwa siri, ili mtu wa nje asichungulie chumba cha wazazi. Imo kwenye maktaba, yaani ghala la vipande vilivyokwisha kutengenezwa.

"Maktaba ninayo! Naifungua, jina lile naliona kwa macho yangu!" anasimulia, mikono ikipanda juu kwa hasira hata leo. Alipakua toleo jipya, akafuta kila kitu, akaanza upya. Wapi! Maandishi yakarudi kama kawaida.

Dada akaja na chai. Akaketi, akaanza kwa mikono lalamiko lake la miaka sita, ambalo familia nzima inalijua kwa moyo.

"Nilikuja mapema. Wakaniuliza nani ananihitaji. Hakuna. Nikapitwa hivihivi. Alipofika mwenye shida, mimi sipo, na hakuna aliyerudi kuniita!"

Fundi Kalamu akamkodolea macho. Kisha akaigeukia amri aliyokipa kiunganishi na kuisoma kwa kidole. Aliitaja maktaba mwanzoni kabisa, kabla ya vipande vinavyoihitaji. Kiunganishi husoma orodha mara moja, mwanzo hadi mwisho. Kilipoikuta maktaba hakuna aliyekuwa ameiulizia, kikaipita. Shida ilipokuja, hakikurudi nyuma.

Akaihamishia mwisho. Programu ikaungana.

"Alinikumbatia na kikombe mkononi," dada anakumbuka. "Chai yote kwenye gauni langu jipya! Mimi nikajua mdogo wangu ndiyo basi, kichwa kimeruka."

Fundi hajaishia hapo. Ameuomba uongozi skrini isizimwe kamwe, na wakalimani watatu wamekubali kupokezana zamu. "Mkalimani asiulizwe tena nani anamhitaji," anasema. "Akae tayari, mwenye shida amkute." Akifanikiwa hapa, anataka kwenda wodi ya watoto.

Saa nne, dada ameshafika ofisini kwake, upande wa pili wa mji. Katika chumba cha kujifungulia, mke wa fundi, aliyekubali kuja kwa jaribio tu, amelala kitandani, mkono mmoja juu ya tumbo. Muuguzi mkuu amesimama pembeni. Sura ya dada inatokea ukutani, inatabasamu, inangoja salamu.

Mama hasalimu. Anainua mikono taratibu.

"Wifi, mtoto yuko wapi?"

Tabasamu linamtoka dada. Kisha anajibu, kwa mikono na kwa sauti.

"Yuko shule, wifi yangu. Nimempeleka mwenyewe asubuhi. Mzima kabisa."

Mama anaitikia kwa kichwa. Halafu anamgeukia mumewe na kusema jambo fupi, na fundi anajifuta macho kwa mkono wa shati. Muuguzi mkuu, asiyejua ishara hata moja, anauliza amesemaje.

Sauti ya dada inatoka ukutani.

"Amesema atazalia hapa."