Pua ya Mbwa Mweusi na Kofia ya Mkwe Wangu

Katika picha zote nilizowahi kupiga, iliyotazamwa na watu wengi zaidi ni ile inayoonyesha pua ya mbwa wangu mweusi ikiwa imeikaribia kofia ya mkwe wangu. Imetazamwa na sheha. Imetazamwa na shehe. Mkwe mwenyewe ameitazama kwa miwani ya kusomea aliyoiazima kwa mke wangu, na wako watu wa Dodoma na Mbeya walioitazama bila kujua Pemba iko upande gani wa Unguja. Wote waliulizwa swali moja: imegusa au haijagusa?

Nianze na mbwa. Ninao wawili, mweusi na mwekundu, na hawana majina mengine. Hapa kwetu, pembezoni mwa Wete, mbwa hafugwi kwa mapenzi, hufugwa kwa sababu ya tumbili. Tumbili akiingia kwenye mihogo hang'oi mmoja akala akashiba. Hung'oa, akaonja, akatupa, akang'oa mwingine, kama mtu anayechagua vitambaa dukani na hana nia ya kununua. Mbwa wakibweka, huondoka. Kwa kazi hiyo majirani wanawavumilia mbwa wangu, na mke wangu anawavumilia kwa sharti moja tu: wasivuke mfereji wa maji ya mvua ulio nyuma ya jiko. Mbwa wanaujua mpaka ule kuliko baadhi ya watu wanavyoijua mipaka ya viwanja vyao.

Sababu ya mpaka kila mtu wa kwetu anaijua, ila wasomaji wa mbali wataniwia radhi nikiieleza. Kidini, kitu kilichopatwa na unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, na moja katika hizo saba huwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sahani utaiosha hivyo na isikusumbue. Kanga pia, ukiwa na subira. Kofia nyeupe ya mkono, iliyoshonwa viua kimoja kimoja, ni habari nyingine kabisa.

Mimi kazi yangu ni kupeleka habari za redioni kutoka Wete: bei ya samaki, kuporomoka kwa madaraja, mashindano ya mchezo wa nage. Mwenzangu mmoja wa Tanga aliniingiza kwenye kundi la simu la watu wanaopiga picha wanyama wao wa nyumbani. Mwendeshaji ni dada mmoja wa Dar es Salaam, mchangamfu, mwenye mbwa mdogo mwenye nywele ndefu kuliko zangu na za mke wangu tukizichanganya. Akatangaza changamoto ya wiki nzima. Kila siku angetoa neno moja, na kila mtu angeleta picha ya mnyama wake inayolingana na neno hilo. Zawadi hakuna.

Neno la kwanza lilikuwa "kochi". Watu wakaleta mbwa na paka waliojilaza kwenye makochi ya kila rangi. Mimi niliwaweka mbwa wangu juu ya lundo la makumbi ya nazi. Mtu mmoja akauliza kochi lile nimelinunua duka gani. Neno la pili lilikuwa "kivuli", na hapo sikushindwa, kwa sababu mbwa wa shamba saa saba mchana hawana kazi nyingine. Neno lililofuata likawa "kofia".

Kwa watu wa bara kofia ni kofia. Ya jua, ya chama, ya mlinda mlango, ya kusherehekea siku ya kuzaliwa. Kwetu ukisema kofia ukanyamaza, umeitaja ile ambayo mtu huenda nayo msikitini. Nilimsomea mke wangu neno lile alipokuwa akikuna nazi. Akaisimamisha nazi kwenye mbuzi.

"Bwana we, unataka kumvisha mbwa kofia?"

"Si kofia hiyo. Kofia tu."

"Kofia tu ndiyo ipi?"

Nikamwonyesha kipakacha kidogo nilichokisuka mwenyewe kwa kuti bichi. Akakitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye nazi yake.

Mbwa mwekundu alivishwa kipakacha akakila. Mweusi alivishwa kifuu cha nazi kikamteleza mpaka puani, akatembea nyuma nyuma hadi akaangukia kwenye tuta. Mwisho nikabadili mbinu. Nilikuwa na kofia kuukuu ya ukindu, ya kulimia. Nikaitundika kwenye kijiti cha mhogo na nikamfundisha mweusi kuigusa kwa pua. Akigusa, anapata dagaa mmoja mkavu. Alielewa upesi mno. Kufika adhuhuri alikuwa akiigusa kofia, akinigeukia, akirudi kuigusa tena kabla sijamaliza kutoa dagaa mfukoni. Kilichobaki ni jua lishuke kidogo ili picha isiwe na mwanga mkali.

Sasa mkwe wangu. Ni baba wa mke wangu, mvuvi wa kisiwa cha Kojani, na alikuja kwetu kwa ajili ya ndoa ya binti yake wa mwisho. Akdi, yaani kufunga ndoa, ilikuwa Ijumaa, msikitini Wete, na walii wa kumwozesha ni yeye. Tulimtarajia Alhamisi. Yeye akapata chombo siku moja kabla, akavuka, akapanda gari, akashuka barabarani na kukata njia ya shambani. Alikuwa amevaa kanzu na kofia ambayo huwa haitoki kwenye sanduku ila kwa jambo kubwa. Marehemu mama mkwe ndiye aliyeishona. Aliimaliza mwaka ule ule macho yake yalipoanza kuikataa sindano, na baada ya hiyo hakushona nyingine. Mzee alikuwa amemwambia mke wangu kwa simu kwamba mwaka huu binti ataozeshwa na wazazi wote wawili: yeye atatia mkono, mama atakuwa kichwani.

Alasiri ilikuwa imekaribia. Kisima kiko pembeni ya mihogo. Mzee akateka maji, akavua kofia ili atawadhe, akatafuta mahali safi pa kuiweka. Akaitundika kwenye kijiti cha mhogo.

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi matutani, simu mkononi, nimeilenga kofia ya ukindu. Mzee sikumwona. Nilichokiona ni mbwa mweusi akiipita kofia ya ukindu kama haijui na kwenda moja kwa moja kwenye kijiti kingine. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe, na simu yangu ukiibonyeza bila kuachia hupiga picha mfululizo. Picha ya kwanza: pua iko mbali, shibiri moja. Ya pili ndiyo yenyewe. Ya tatu: mbwa ameshanigeukia, anadai dagaa.

Mzee alisimama na mikono inayochuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Mkwe wangu," akasema taratibu. "Yule kanusa, au kabusu?"

"Sijui, baba."

"Si ulikuwa unapiga picha?"

"Nilikuwa napiga."

"Basi lete."

Tulizitazama palepale. Katika ile ya pili, kati ya pua na kofia kuna kitu cheusi. Ukisema ni kivuli, ni kivuli. Ukisema ni pua, ni pua. Ukiikuza picha, vyote vinageuka vigae vya rangi.

Mke wangu alipopata habari hakunigombeza. Alimpigia simu jirani yetu mwenye pikipiki, aliyekuwa mjini, amchukue shehe wa msikiti wetu amlete. Mtandao ulikuwa ukikatika. Baada ya muda pikipiki ikafika, na aliyeshuka alikuwa sheha.

Wenye kuzijua nyadhifa zetu wameshacheka. Shehe ni wa dini, sheha ni wa serikali, na simu mbovu haijui tofauti yake. Sheha alikuwa ameambiwa kuna jambo la mbwa, naye akaja kikazi.

"Wamechanjwa hawa?"

"Wamechanjwa, sheha."

"Kadi?"

"Sheha, karibu ukae," akasema mke wangu. "Kuna kofia."

Akaelezwa. Akaomba simu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaipindua.

"Mimi," akasema, "kiserikali, naona haijagusa."

"Ahsante," akasema mkwe. "Lakini serikali haivai kofia hii."

Sheha akanywa chai, akala na mkate wa mofa, na hakuondoka. Alitaka kujua mwisho wake.

Shehe alikuja baada ya Magharibi. Hakuitaka hata picha mwanzoni. Alimuuliza mzee, "Una yakini kwamba imegusa?"

"Sina."

"Uliyeipiga, una yakini?"

"Sina, shehe."

"Basi asili ya kofia ni twahara, na shaka haiondoi yakini. Kofia yako safi, mzee wangu. Ivae ukasali." Kisha akanyoosha mkono. "Hebu niione hiyo picha." Akaitazama, akakuna ndevu. "Subhanallah. Hapa panataka jicho."

"Shehe, nimekuelewa," akasema mkwe. "Tatizo langu ni moja. Nikiivaa, nnaihisi pua."

"Hilo halimo vitabuni. Hilo limo kichwani."

"Ndipo kofia inapokaa."

Sheha akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mke wangu hakucheka. Alikuwa akiitazama kofia, na nilijua anahesabu: kuiosha mara saba si kazi, kazi ni ile moja ya udongo. Udongo wetu mwekundu. Ukiingia kwenye viua hautoki, na mama yake hayupo kushona nyingine.

Nikapendekeza mchanga mweupe wa ufukwe wa Kiuyu. Shehe akasema mchanga uwe na vumbi lake. Ule ulioogeshwa na bahari asubuhi na jioni hauna. Akaongeza kwamba, kwa kumbukumbu yetu, yeye ameshasema kofia ni safi. Jirani wa pikipiki akapendekeza tumwoshe mbwa badala ya kofia. Akaambiwa anyamaze, kwani yeye ndiye aliyeleta sheha.

Mke wangu ndiye aliyemaliza. "Nitachukua udongo wa bondeni," akasema, "ule wa kijivu, chini ya mpunga. Nitauchuja kwa kitambaa."

Siku iliyofuata kofia ikaoshwa. Mzee alikaa kwenye kigoda akihesabu kwa sauti, na kila akifika hesabu fulani mke wangu alimwambia, "Baba, hiyo ulishaihesabu." Baada ya hapo ikapigwa wanga wa mhogo wa shamba lile lile wanalolilinda mbwa, ikavishwa juu ya bakuli lililofudikizwa na kuwekwa kivulini. Mzee alililinda bakuli hilo dhidi ya kuku na dhidi yangu.

Wakati anailinda ndipo alipouliza picha zile zilikuwa za nini. Nikamweleza kundi, changamoto na neno la siku.

"Ukishinda unapata nini?"

"Sipati kitu, baba. Watu wanaweka mioyo."

"Mioyo ya nani?"

"Vialama vya moyo. Vyekundu."

Alifikiri. "Na hao watu macho wanayo?"

"Wanayo. Ni wapiga picha."

"Basi ipeleke. Waulize kama imegusa."

Nikaipeleka. Mioyo ikamiminika. Dada wa Dar es Salaam akaandika kwamba huo ndio utulivu anaoutafuta, mnyama na kofia vikizungumza. Nikauliza: jamani, pua imegusa au haijagusa? Wakadhani ni mchezo. Wa Dodoma wakasema imegusa, tazama pale panapong'aa. Wa Mbeya wakasema kuna upenyo wa unywele mmoja. Bwana mmoja akasema anayo programu ya kusafisha picha. Akairudisha baada ya dakika chache ikiwa safi kweli: mbwa alikuwa na pua mbili, na kofia ilikuwa imegeuka keki. Mzee aliitazama keki ile kwa muda.

"Huyu," akasema, "asifanywe shahidi."

Kofia ilikauka ikiwa nyeupe, isipokuwa ndani ya viua palibaki ukijivu mwembamba, ukiufuata uzi. Mke wangu alisema sasa mshono unaonekana vizuri kuliko zamani. Mzee aliizungusha mkononi mzunguko mzima, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Akaniomba nimwazime kofia yangu.

Ijumaa tulisali alasiri msikitini. Nilikuwa safu ya nyuma yake, na kwa mazoea ya kazi yangu niliangalia nilichokuja kuangalia. Alisali na kofia yangu, ile ya dukani, iliyomkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha birika la mtu mwingine. Sala ikaisha, bwana harusi akasogezwa mbele, shehe akaanza hotuba ya ndoa. Mzee akaivua kofia yangu na kuiweka mapajani. Akatoa ile ya mfukoni, akaikunjua, akaivaa, akaisawazisha kwa viganja vyote viwili. Halafu ndipo aliponyoosha mkono kushikana na mkono wa mkwe wake mpya. Sauti yake ilikatika mara moja tu, kwenye jina la binti.

Watu walipokuwa wakila halua nilimsogelea mke wangu upande wa wanawake, nikamweleza nilichokiona.

"Kwa hiyo kwake ni safi au si safi?" nikamuuliza.

"Kaivaa au hakuivaa?"

"Kaivaa. Lakini kasali na yangu."

Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Sasa hilo kamuulize mwenyewe."

Mzee alirudi Kojani siku ya tatu baada ya harusi, kofia zote mbili mfukoni, na yangu hajairudisha. Tunazungumza naye kwa simu kila wiki: bahari, pweza, maharusi wanaendeleaje, mbwa wazima. Huko kwao anasali na kofia ipi, hajasema, na mimi bado sijamuuliza.