Harufu ya Sambaza

Kila ninaponawa mikono kwa alkoli mlangoni mwa duka la dawa, hapa Kamembe, namkumbuka dada yangu kitandani. Alikuwa amekatwa utumbo, akawa analishwa kupitia mshipa, kutoka mfuko mweupe kama maziwa uliotundikwa msumarini. Kwa ajili ya mfuko ule maman, mama yetu, alijisugua alkoli hadi kwenye viwiko, akiimba kwa sauti ya chini. Friji ilikuwa ya mifuko yake tu. Mimi nilikula sambaza jikoni, vile visamaki vya ziwani, na hakuna aliyeniuliza kama nimeshiba. Nilimwonea wivu mpaka nikatamani kuugua.

Siku moja aliniita. "Umekula sambaza? Leta bidole nisikie harufu tu."

Vidole vyangu vilikuwa viking'aa kwa mafuta. Nilichukua chupa ya maman nikavisugua alkoli, kimoja kimoja, yeye akiniangalia. Ndipo nikampelekea.

Maman alitukuta hivyo. "Angalia mutoto wa akili! Ananawa bila kuambiwa." Akanikumbatia, mara ya kwanza tangu operesheni.

Dada alikuwa bado ameshikilia vidole vyangu puani, vikinuka alkoli tu. Hakunishitaki.