Kitufe cha Mama Zipu

Kwa siku kumi na tisa mtu asiyesema neno alinipigia simu kila saa nne asubuhi. Siku ya ishirini nilimjua ni nani, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ngoja nianzie mwanzo.

Kazi yangu ni kuuza tovuti ndogo za kwenye simu. Naingia saluni, kwa fundi viatu, kwenye duka la rangi, natabasamu mpaka mashavu yanauma. "Bosi, mteja akikutafuta kwenye simu yake, akuone." Katika kumi, tisa wananiambia niache kadi.

Kadi zangu zimesaidia meza nyingi zisiyumbe.

Naishi peke yangu chumba kimoja. Kitanda, kompyuta, birika. Kwa siku naongea na watu thelathini, na hakuna anayeuliza naitwa nani. Nikifunga mlango jioni, sauti ya mwisho ninayoisikia ni ya kufuli.

Mama Zipu alikuwa yule wa kumi.

Alikuwa anashona mabegi kwenye kibanda chenye upana wa mlango, kati ya duka la vioo na ngazi. Hakuhangaika na maneno yangu ya biashara. Aliuliza swali moja.

"Mtu aliye mbali akiandika Mama Zipu, ataniona?"

"Atakuona, mama."

"Basi tengeneza. Na namba iwe kubwa, hata asiye na miwani aisome."

Nikadhani anatafuta wateja wa mbali. Akatoa uzi mdomoni, akanieleza. Binti yake aliondoka miaka minne iliyopita, baada ya kugombana.

"Nilimwambia akitoka na lile begi, asirudi. Na zipu ya begi lenyewe nilikuwa nimeitengeneza mimi, jana yake."

Mwaka uliofuata akaibiwa simu, na namba ya zamani hakuipata tena. Mtoto hana namba ya mama, mama hana ya mtoto.

"Wateja ninao," akasema. "Namtaka yeye."

Tovuti niliimaliza kwa siku moja. Siri ya kazi yetu ni kwamba hatuanzi upya kila mara. Nina tovuti ya mfano, ya kinyozi asiyekuwepo duniani, na namba iliyomo ni yangu. Nikipata mteja nainakili, nabadilisha jina, picha na namba. Nilimwonyesha Mama Zipu namba yake, kubwa kama alivyotaka. Akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akaridhika.

Siku tatu baadaye, saa nne kamili, simu yangu ikaita. Namba ilikuwa imefichwa.

"Haloo?"

Kimya. Pumzi tu, kisha ikakatwa.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Mwanzoni nilikasirika, nikajua kuna mtu ananichezea. Siku ya tano nikasema, "Kama wewe huna la kusema, mimi ninalo." Nikamsimulia mwenye duka la rangi alivyonifukuza mbele ya wateja.

Hakukata.

Semeni nina wazimu, lakini nilianza kumsubiri. Ikikaribia saa nne natafuta ukuta wa kuegemea. Nilimwambia nimekunywa chai kavu. Nilimwambia kikohozi kimenishika wiki ya pili sasa, na mtu pekee anayekisikia ni yeye. Siku nyingine nikamwambia sikumbuki ni lini mtu alinipigia bila shida yake. Alikaa akinisikiliza mpaka nikamaliza.

Siku ya ishirini nilipita kwa Mama Zipu. Rafu zilikuwa tupu, anafunga vitu.

"Afadhali umekuja, uiondoe hiyo tovuti yako," akasema. "Wiki tatu na ushee, hakuna aliyepiga. Nahamia kwa dada yangu, huko hata mtandao ni wa kubahatisha. Kilichoniweka hapa ni kumsubiri huyu mtoto, na mtoto hanitaki."

"Lakini unatazamwa, mama. Ona." Nikamfungulia orodha ya waliotembelea. Kulikuwa na mtu mmoja anayerudi kila siku, saa nne.

"Anafungua halafu hapigi?"

Nikachukua simu yake nimwonyeshe ilivyo rahisi. Nikabonyeza kitufe cha kupiga.

Simu ikaita mfukoni mwangu.

Tulitazamana. Namba inayosomeka nilikuwa nimeibadilisha. Iliyo nyuma ya kitufe nilisahau, ilikuwa bado ya kinyozi wangu wa uongo, yaani yangu. Kazi ile niliitazama mara kumi na sikuibonyeza hata mara moja. Ndipo nikawakumbuka watu wawili walionipigia kuuliza habari za zipu. Niliwajibu wamekosea namba.

"Mama," nikasema, "kuna mtu ananipigia kila siku saa nne. Hasemi kitu."

Akaangalia saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika sita. Hakunigombeza. Alikaa juu ya begi lililofungwa, akanyoosha mkono, nikampa simu yangu.

Dakika sita zile zilinizeesha.

Ikaita.

"Mama Zipu hapa," akasema.

Kimya, kile kile ninachokijua. Mama Zipu akaikaza simu sikioni.

"Zipu ya begi lako bado inafunga?"

Nikasikia mtu analia upande wa pili. Nikatoka, nikasimama kwenye ngazi.

Baadaye Mama Zipu alinieleza. Binti alisikia sauti ya kijana, akajua mama ameajiri msaidizi. Aliogopa kuomba aitiwe mama yake, asije akajibiwa kwamba mama hataki kuongea naye. Akawa anapiga tu, akiomba siku moja nisiwepo, apokee mama mwenyewe.

Alikuwa ananiombea nisiwepo.

"Na anauliza," Mama Zipu akasema akinirudishia simu, "kikohozi kimepona?"

"Kimepona," nikasema. Nilidanganya. Machozi yalikuwa yananilenga, nikajifanya nashughulika na kitufe. Nilikirekebisha pale pale, nikakibonyeza mara tatu. Mara zote tatu ikaita simu yake.

Wiki ile ile binti alikuja kumchukua. Niliambiwa na wa duka la vioo. Nilipopita, kibanda kilikuwa kinauza soksi.

Nina mazoea mabaya. Bado ikifika saa nne naegemea ukuta.

Funzo nawapa bure. Ukimtengenezea mtu mlango, bisha wewe kwanza usikie nani anaitika. Na ukimpigia umpendaye akapokea mwingine, sema unamtaka nani, asije mtu mwenye kikohozi chake akadhani unamtaka yeye.

Ile tovuti ya kinyozi bado iko hewani, na namba ni yangu. Kitufe nimekibonyeza mwenyewe. Kinafanya kazi.